Namna ya Kuutazama kwa Makini Mchoro wa Delacroix, "Uhuru Akiwaongoza Watu"

Mchoro wa istiara hulivika wazo mwili wa binadamu, na mtazamaji makini hutafuta mahali wazo hilo linapogusana na watu halisi. Eugène Delacroix aliuchora huu kwa rangi za mafuta mwaka 1830, baada ya mapigano ya siku 3 za Julai mjini Paris yaliyomng'oa Mfalme Charles X, na sasa umetundikwa katika jumba la makumbusho la Louvre.

Anza ukiwa mbali. Turubai ina kimo cha sentimita 260 na upana wa sentimita 325, hivyo anayeikaribia mapema huona vipande tu, ilhali kutoka mbali maiti waliolala chini huonekana kuwa kitako cha pembetatu ambayo kilele chake ni mkono ulioshika bendera.

Kisha mchunguze mwanamke anayeishika bendera, yaani Uhuru mwenyewe, tena bila haraka, kwa sababu hapa ndipo penye utajiri. Kifua kilicho wazi, miguu peku na uso uliogeuzwa upande, kama sura zilizopigwa kwenye sarafu za kale, vinamtambulisha kuwa wazo. Kofia yake nyekundu ya Kifrigia, kofia laini yenye ncha inayopinda mbele, ilikuwa alama ya uhuru tangu Mapinduzi ya Ufaransa ya 1789. Lakini mkono wake wa kushoto umeshika bunduki yenye singe, silaha ya wapiganaji wa wakati ule ule, na mvulana aliye kando yake ana bastola mbili. Kwa maoni yangu, nguvu yote ya mchoro imo katika ujirani huo.

Shuka sasa hadi kwa maiti wa kushoto, aliyevuliwa suruali na kubakiwa na soksi moja. Usimpite, kwani Delacroix hakumpamba hata kidogo.

Halafu fuatilia rangi za bendera: buluu, nyeupe na nyekundu zinarudiwa katika mavazi ya mtu aliyepiga magoti mbele ya Uhuru, na tena katika bendera ndogo mno juu ya mnara wa kanisa kuu la Notre-Dame, upande wa kulia. Sahihi ya mchoraji iko upande huo huo, kwenye mbao za kizuizi cha barabarani ambacho wapiganaji wanakivuka.

Anayetumia picha ya mtandaoni achague iliyopigwa baada ya ukarabati wa 2023 hadi 2024, ulioondoa vanishi iliyogeuka njano. Katika picha za zamani anga na moshi hupoteza tofauti zake za rangi.