Potasiamu 7.8 saa nane usiku: fanya hivi, halafu muache kunipigia simu

Naandika hii mara moja ndio niwe natuma linki tu, manake wiki hii pekee nimepigiwa mara nne na swali ni lile lile. Mgonjwa wa dayalisisi (figo zimekufa, damu husafishwa na mashine) amekosa siku yake ya mashine, mvua ilinyesha Thika Road ikafunga, sasa amekuja miguu imelegea na maabara inasema potasiamu ya damu ni 7.8, iko juu mno. Hii ni ya daktari aliye wodini, sio ya kujaribu nyumbani.

1. ECG (kipimo cha umeme wa moyo), sasa hivi. Ikiwa safi isikudanganye, potasiamu inaweza kuwa juu sana na karatasi isionyeshe kitu.

2. Ukishuku sampuli iliharibika toa nyingine, lakini kama mawimbi ya T kwa ECG yamechongoka ama lile la QRS limepanuka usingoje majibu.

3. Kanula (mrija wa mshipani wa kupitishia dawa). SIO mkono wenye fistula, ile mishipa iliyounganishwa kwa ajili ya mashine.

4. Kalsiamu glukoneti 10%, mililita 30, polepole kwa dakika 10. Haishushi potasiamu, inalinda moyo tu. ECG isipobadilika rudia. Usiichanganye na bikaboneti kwa laini moja, itaganda kama chokaa.

5. Insulini, ya kusukuma potasiamu iingie ndani ya seli. Hapa ndio niliwahi kuharibu, so soma polepole. Nilikuwa intani, nikapima yuniti 10 za ile insulini ya haraka (soluble), angavu isiyo na ukungu, nikapatia mgonjwa na dekstrosi (sukari ya mshipani) 50% mililita 50, baada ya saa moja sukari ikawa 8 nikafurahi nikaenda kunywa chai. Saa kumi na moja nesi akanikimbilia, mgonjwa amelowa jasho na haitiki, sukari 1.9. Figo ndizo husaidia kuondoa insulini mwilini, na huyu hana, kwa hivyo dekstrosi inaisha na insulini bado iko kazini. Pima sukari KILA SAA kwa saa sita. Kama ilianza chini ya 7, ukimaliza weka dripu ya dekstrosi 10%, mililita 50 kwa saa kwa saa tano. Na utumie sirinji ya insulini yenyewe! Yuniti 10 ni mililita 0.1 tu, ukipima na sirinji ya kawaida unaweza kumpa mara kumi na hautajua.

6. Salbutamo kwa nebulaiza (mashine ya kuvuta dawa kama mvuke), miligramu 10, nayo inasukuma potasiamu ndani ya seli, sio ile 2.5 ya pumu. Mwenye shida ya moyo mwangalie mapigo.

7. Mashine. Watu wa dayalisisi ulifaa uwe umewapigia tangu hatua ya 1, hizo zingine zote ni za kununua muda.

MASWALI

Intani Mchovu: Daktari, dozi ya insulini ni ngapi?
— Hatua ya 5.

Wa Zamu: Sisi huanza na bikaboneti na wagonjwa wanapona, mbona umeiruka?
— Wanapona juu ya hizo zingine mnazowapa pamoja nayo. Kama hana asidi nyingi haishushi haraka, na unamjazia chumvi na maji mtu asiyekojoa.

Mwanafunzi wa Tano: Samahani dokta, kama kalsiamu haishushi potasiamu, inasaidia nini?
— Swali zuri sana hili. Potasiamu ikipanda seli za moyo zinakaa karibu mno na kiwango cha kufyatuka, kalsiamu inasukuma hicho kiwango juu, kwa hivyo moyo unatulia ndani ya dakika chache. Lakini ni nusu saa hadi saa moja tu. Ukiona ECG imerudi vizuri ukalala, itaharibika tena na potasiamu bado ni ile ile.

Nesi wa Renal: Wangu ameacha ndizi na parachichi na bado anapanda kila wiki.
— Muulize chumvi anayotumia dada. Zile za watu wa presha, zenye sodiamu kidogo, nyingi zimewekwa potasiamu. Na madafu ya kwa jam.
— Kumbe! Na sukuma?
— Akatekate, achemshe kwa maji mengi, amwage hayo maji ndio akaange. Asiyafanye supu.