Jinsi ya kuwaona mastaa wa kikapu cha vyuo Marekani uliowakosa

Kama na wewe unaumia hukuwahi kumwona Pete Maravich akiwa LSU, chuo cha Louisiana, fanya hivi. Ingia YouTube, achana na hailaiti, tafuta mechi nzima hata kama picha ina chenga. Anza na Bill Walton, fainali ya vyuo ya 1973, chuo chake UCLA dhidi ya Memphis State, jamaa alirusha 22 akafunga 21, pointi 44, we mwangalie miguu kabla mpira haujamfikia, utamu wote uko hapo. Halafu ndo Maravich sasa, soksi zimeshuka, wastani pointi 44.2 kwa mechi na mstari wa pointi tatu hata haukuwepo jamani! Fainali ya 1983 ya Olajuwon na Houston yake weka mwisho, ile sekunde ya mwisho walipofungwa bado inaniuma.