Kuunda kozi ya mafunzo: tunga jaribio kabla ya slaidi

Kwanza hakikisha tatizo linatibika kwa mafunzo. Mfanyakazi anayeijua kazi ila hana kifaa hahitaji kozi, anahitaji kifaa. Kisha watazame watu 2 au 3 mahiri wakiifanya kazi hiyo, uandike kila hatua. Usitegemee maelezo yao tu: wazoefu huruka hatua ambazo hawazifikirii tena.

Sasa andika lengo. "Kuelewa risiti" halipimiki. "Akipewa risiti 10, mshiriki aziingize daftarini kwa dakika 15 bila kukosea jumla" linapimika, kwa kuwa lina mazingira, kitendo na kiwango. Papo hapo tunga jaribio linalodai kitendo hichohicho. Hapa ndipo kozi nyingi huharibika: lengo linataka mtu atende, mtihani unamuuliza maana ya maneno.

Maudhui yafuate baadaye. Kisichosaidia lengo kikate, hata kikiwa kizuri.

Kabla ya kuizindua, ijaribu kozi kwa mtu mmoja, nawe ukae kimya pembeni. Akikwama, usimwelekeze kwa mdomo. Weka alama mahali hapo, kisha urekebishe maandishi. Halafu ijaribu tena kwa kikundi kidogo.