Shingo ya chupa ya sabuni ya maji: isanifu isipasuke wala isivuje

Chupa ya lita 1 ya HDPE (polithini yenye densiti kubwa) inaweza kutoka kiwandani nzima, ikakaa ghalani wiki tatu na sabuni yake ya maji, kisha ikakutwa na ufa shingoni ingawa haikuanguka wala kugongwa. Kemikali zinazoleta povu haziyeyushi HDPE. Lakini mahali ambapo plastiki inavutwa hujipenyeza polepole, na ufa hufunguka kwa mvuto ambao peke yake usingefanya kitu. Kwa hiyo sanifu hivi: shingo ibanwe, na kifuniko ndicho kivutwe. Vifuniko vingi ni vya polipropilini, ambayo huvumilia sabuni vizuri zaidi.

Anza kwa kuamua panapozibwa. Kifuniko chenye pete ya ndani inayoingia mdomoni huisukuma shingo kwenda nje, na huo ni mvuto wa kuzunguka mdomo wote. Piga hesabu. Tundu la shingo likiwa na kipenyo cha milimita 24 na pete ikiwa 24.3, na tuchukulie shingo ndiyo inayotanuka peke yake, mzingo wake unarefuka kwa 1.25%. Sasa weka tofauti za uzalishaji. Tundu likitoka kati ya 23.75 na 24.25, chupa moja inatanuliwa 2.3% na nyingine 0.2% tu. Zote zimetoka kwenye mashine moja, lakini ya kwanza itapasuka na ya pili itavuja. Pete ya ndani inafaa pale tu ambapo tundu la shingo linasawazishwa na pini ya kupulizia (inayoingiza hewa kwenye plastiki ya moto chupa inapoundwa) na linapimwa kila zamu.

Kwa chupa nyingi za sabuni tunashauri washa (kisahani laini cha kuzibia) ya povu la polithini, unene wa milimita 1, iliyolala ndani ya kifuniko na kugandamizwa juu ya ukingo wa mdomo kwa milimita 0.2 hadi 0.3. Kifuniko kikikazwa, sehemu ya shingo iliyo kati ya ukingo na hesi (mistari ya skrubu inayoshika kifuniko) inabanwa kutoka juu na chini, na plastiki inayobanwa haipasuki kwa sabuni. Ukingo uwe bapa na upana usiopungua milimita 1.5. Ukikatwa kwa kisu butu huacha mikwaruzo, na kila mkwaruzo ni mlango wa kuvujia na chanzo cha ufa.

Kisha pima urefu wa shingo dhidi ya kina cha kifuniko, jambo ambalo wasanifu wengi hulipita bila kuliona. Sketi ya kifuniko (ukuta wake wa pembeni) ikigusa bega la chupa kabla washa haijabanwa, kila nguvu ya kukaza inayoongezwa inaivuta shingo kwenda juu, kutoka bega hadi hesi. Fundi anahisi kifuniko kimekaza kabisa, kumbe mdomo haujazibwa na shingo inanyofolewa. Acha nafasi ya milimita 0.8 au 1 kati ya sketi na bega kifuniko kikiwa kimekazwa hadi mwisho, na uipime kwenye chupa yenye shingo fupi kuliko zote na kifuniko kirefu kuliko vyote.

Hesi zenyewe: pindo la chini, pale hesi inapoungana na ukuta wa shingo, lisiwe kona kali. Mviringo wenye nusukipenyo cha milimita 0.5 unatosha kwa ukuta wa milimita 1.2 hadi 1.5, ukizidisha sana faida hupungua na unapoteza kina cha kushikia. Uso unaobeba mzigo uwe na mteremko wa nyuzi 10 badala ya 30. Kwa nyuzi 30, nguvu ya kukaza huzaa msukumo wa kando wa karibu 58% yake. Kwa nyuzi 10 ni karibu 18%, kwa hiyo kifuniko hakitanuki na kuruka hesi. Chagua shingo ya 28/410 (28 ni kipenyo kwa milimita, 410 ni aina ya hesi), yenye hesi ya mzunguko mmoja na nusu, kuliko 28/400 yenye mmoja. Shingo na bega viungane kwa mviringo wa milimita 3 au zaidi, na unene ubadilike taratibu.

Kwenye kupuliza chupa, mrija wa plastiki ya moto ukiweza kuingia ndani ya kipenyo cha shingo, kalibu (umbo la kuundia chupa) haitaubana hapo na shingo haitakuwa na mshono wa kuunganika. Chupa zenye mkono huhitaji mrija mpana, kwa hiyo mshono huo hauepukiki, na lazima ukaguliwe. Chagua HDPE ya kopolima (iliyochanganywa na kiambato cha pili) yenye densiti ya karibu gramu 0.953 kwa sentimita ya ujazo, si homopolima (ya kiambato kimoja) ya 0.960 inayotumika kwa chupa za maziwa. Ile ya pili ni ngumu zaidi lakini hupasuka upesi kwa sabuni.

Kuhusu kukaza: gawa kipenyo cha kifuniko, kwa milimita, kwa 2, upate torki (nguvu ya kuzungusha) kwa inchi-pauni. Kifuniko cha milimita 28 hupata 14, yaani karibu newton-mita 1.6. Kesho yake torki ya kufungulia huwa imeshuka hadi kama nusu, kwa sababu plastiki hulegea ikikaa chini ya mzigo. Hilo ni la kawaida. Usiongeze torki ya mashine kwa sababu hiyo.

Jaribu kabla ya kuagiza kalibu ya uzalishaji. Jaza chupa 24 sabuni halisi na 12 maji, kaza zote kwa kiwango cha juu cha mashine, weka kwenye oveni ya 60 °C kwa siku 7, nusu zikiwa zimepinduliwa. Zikipasuka za sabuni tu, kuna mvuto uliobaki shingoni. Zikipasuka na za maji, mzigo ni mkubwa mno au mshono ni dhaifu. Kisha soma ufa. Ufa wa wima kutoka mdomoni unaelekeza kwenye pete ya ndani au mshono. Ufa wa mlalo chini ya hesi unaelekeza kwenye sketi inayogusa bega. Uso wa ufa ukiwa laini, usio na weupe wa kuvutika, sabuni imeshiriki. Ukiwa umechanika na kupauka, angalia torki na mapigo ya njiani.