Jinsi ya kuandika mwongozo wa mashine au programu bila faili kukugeuka njiani

Kama ofisini kwenu wewe ndo umepewa kazi ya kuandika maelekezo, iwe ya pampu, ya mashine ya kahawa au ya programu ya saccos, soma hii, mana najua mara nyingi unaambiwa tu "we andika andika hapo, wiki ijayo tunaitoa" na hamna mtu wa kukuonyesha kazi inaanzia wapi. Mi nafanya kazi hii hapa Arusha mwaka wa saba sasa na kitu kimoja nimekishika: mwongozo hauandikwi mara moja ukaisha. Pampu itabadilishwa batani, programu itahamishwa menyu, na wewe utarudi kwenye faili lile lile mara kumi. Kwa hiyo tangu ukurasa wa kwanza lijenge hilo faili liwe rahisi kurekebisha, na maneno chagua yasiyoyumba.

Anza kwa fundi

Usimtumie injinia emaili ya "naomba maelezo ya mashine". Hatajibu, na sio kwamba ana roho mbaya, swali pana hivyo halina pa kulishikia. Mfuate karakanani asubuhi kabla wateja hawajajaa, msalimie vizuri, mwambie "Injinia, naomba uiwashe mbele yangu kama unavyofanya siku zote", alafu simu yako irekodi mikono yake. Kuna vitu fundi anavifanya bila kujua kwamba anavifanya, anagonga kichujio na kiganja kabla hajakirudisha, anasubiri ile taa itulie, ukimuuliza hatua ziko ngapi atakwambia tatu, ukihesabu kwenye video unakuta tisa. Na usiondoke bila kuuliza mambo mawili: ikigoma huwa unaanza kuangalia nini, na wateja wakikupigia simu huwa wanalalamikia nini. Majibu ya hilo la pili ndo sura yako ya matatizo na namna ya kuyatatua, karibu yote.

Ukirudi mezani andika rasimu hata kama kuna sehemu hujaelewa, andika ulivyoelewa wewe. Mtu aliyebanwa na kazi hawezi kukujazia karatasi tupu ila akiona kosa hawezi kulipita hivi hivi, atachukua kalamu. Ile Track Changes ya Word, inayoonyesha kila badiliko alilofanya mtu kwenye faili, inafaa kwa watu wa ofisini wanaokaa na kompyuta siku nzima, fundi mwenye grisi mikononi mprintie, mpe na biki nyekundu, kesho yake utapata karatasi imechorwa chorwa kila upande na hapo ndo unajua kazi imesomwa.

Neno moja, kitu kimoja

Hapa naomba utulie kidogo, mana ndipo miongozo yetu ya Kiswahili inapoumia.

Nilishaandika hivi: "Funga valvu kabla ya kusafisha kichujio." Sentensi fupi, injinia kaipitisha, bosi kaipitisha. Tukaenda kuijaribu shambani Kikatiti kwa mkulima wa nyanya, nikamkabidhi kijana wake mwongozo nikakaa pembeni kimya. Akasoma, akaenda kwenye boksi la vifaa, akatoa nailoni zote, akainua mpaka lile boksi gumu la chini. Dakika zinaenda. Mwisho akaniambia, "Dada, hii valvu ya kufunga humu haimo, labda wamesahau kuiweka." Na valvu ilikuwa mbele yake kwenye bomba, mpini wa bluu. Yeye alielewa funga kama kufunga mita, kufunga dishi, kufunga injini, yani kuweka kifaa mahali pake, na hakukosea hata kidogo, Kiswahili tunachoongea kila siku kinasema hivyo hivyo. Aliyekosea ni mimi niliyeacha neno lenye maana mbili kwenye hatua ambayo inatakiwa maana moja.

Siku hizi naandika kile ambacho mtu atakiona kwa macho: "Zungusha mpini wa bluu mpaka ukatize bomba. Maji yatasimama." Mpini ukilala sambamba na bomba maji yanapita, ukikatiza hayapiti. Na hapo umeondoa tatizo lingine la "zungusha kulia", mana kulia kwa nani, wa huku au aliyesimama upande wa pili wa tenki?

Kwa hiyo kabla hujaandika sura ya kwanza tengeneza jedwali dogo la maneno, upande mmoja neno tunalotumia, upande wa pili maneno tusiyotumia hata kama ni mazuri. Mi batani ya kushika kwa kidole naibonyeza, ya kwenye skrini naibofya, na sichanganyi. Kama umeiita "swichi kuu" ukurasa wa 4 isigeuke "batani nyekundu" ukurasa wa 11, msomaji atadhani ni vitu viwili na atakuwa na haki. Kwenye nywila, nenosiri na paswedi chagua wanachokijua watu wako, mi kwa wakulima natumia "namba ya siri" kwa sababu kila mtu analijua hilo neno kutokana na kutuma pesa kwa simu, ila kama mfumo wako unataka na herufi hilo neno litawapotosha, hapo nenda na paswedi. Na kama skrini ya mashine imeandikwa Kiingereza usiitafsiri ile batani, iandike kama ilivyo, "START", kwa herufi nzito, alafu eleza inafanya nini. Ukiandika "Bonyeza ANZA" mtu atatafuta ANZA mpaka jua lizame.

Tahadhari inatangulia hatua, haifuati. "Fungua kifuniko. Angalia, kuna umeme ndani" ni maelekezo ya kumuua mtu. Anza na "Zima umeme", hiyo iwe hatua ya kwanza yenye namba yake, alafu ndo kifuniko.

Faili lenyewe

Wengi wetu tunatumia Word na hamna ubaya, tatizo ni kuitumia kama taipureta. Yani mtu anaandika kichwa cha habari, anakikoleza, anakikuza mpaka 16, anakipa rangi, alafu anarudia hivyo mara arobaini, na bosi akisema "hii rangi siipendi" jioni yako imekwisha. Tumia staili, yani muonekano uliopangwa mara moja ukapewa jina. Weka kasa (kile kimstari kinachowaka na kuzima) kwenye kichwa, bonyeza Ctrl+Alt+1 kinakuwa "Heading 1", Ctrl+Alt+2 kinakuwa "Heading 2". Ukitaka kubadilisha rangi unabadilisha staili mara moja na vichwa vyote arobaini vinafuata. Faida ya pili, yaliyomo yanajitengeneza yenyewe kwenye menyu ya "References", huna haja ya kuandika vidoti na namba za kurasa kwa mkono, ukiongeza sura unafanya Ctrl+A alafu F9 namba zinajirekebisha. Na usiandike "angalia picha ya 7" kwa mkono, weka kepsheni (yale maelezo yenye namba chini ya picha) na rejeo kutoka humo humo kwenye "References", mana ukiingiza picha mpya katikati ile ya 7 inakuwa ya 8 na sentensi yako inabaki inamdanganya mtu.

Picha sasa. Skrinshoti ya programu ihifadhi kwa PNG, JPEG ni ya picha za kamera, ukiitumia kwenye skrinshoti herufi zinapata ukungu pembeni. Kwenye Windows shika Win+Shift+S ukate sehemu unayoitaka tu, msomaji hahitaji kuona saa ya kompyuta yako. Picha kutoka kwa fundi asikutumie kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, inabanwa na kupunguzwa, mwambie aitume kama dokumenti. Na Word nayo inabana picha ukisevu, nenda "File", "Options", "Advanced", tafuta "Do not compress images in file" uweke tiki.

Kuna kosa moja limenitoa jasho. Niliingiza picha zaidi ya 60 kutoka kwenye flashi, na kwenye kile kimshale cha batani ya "Insert" nilikuwa nimechagua "Link to File" bila kujua maana yake. Kwenye laptop yangu flashi ikiwa imechomekwa kila kitu kizuri, nikalituma faili, kule lilikofika kila penye picha kuna kiboksi chenye alama ya X nyekundu, mana picha zenyewe hazikuwemo ndani ya faili, zilibaki kwenye flashi mfukoni mwangu. Chagua "Insert" ya kawaida. Na tunza folda ya picha halisi pembeni, zipe majina yanayoeleweka, sio IMG_0043. Ikitokea folda imepotea na umebaki na Word tu, toa kopi ya faili la docx, badilisha mwisho wa jina kutoka .docx kuwa .zip, lifungue, ndani kuna folda ya word alafu media, picha zote zilizopachikwa utazikuta humo. Hii imeshaniokoa zaidi ya mara moja.

Umeme nao. Word kwa kawaida inajihifadhi kila baada ya dakika 10, hizo ni nyingi sana kwa umeme wetu, nenda "File", "Options", "Save" ushushe mpaka 2. Hii haifuti haja ya Ctrl+S, mkono uzoee tu kila ukimaliza aya. Na ile mistari myekundu chini ya kila neno la Kiswahili inachosha macho mpaka huoni kosa la kweli, kwa hiyo shika maandishi yote, nenda "Review", "Language", "Set Proofing Language", chagua Kiswahili kama kipo, kama hakipo weka tiki kwenye "Do not check spelling or grammar", alafu makosa utafute kwa kusoma kwa sauti.

Ukienda kuprinti mjini usipeleke Word. Steshenari watalifungua kwenye kompyuta isiyo na fonti yako, mistari inasogea, jedwali linakatika, yaliyomo yanasema ukurasa wa 12 na sura iko wa 14. Peleka PDF, na ifungue mwenyewe kwenye simu kabla hujaondoka nyumbani.

Majina ya mafaili yasiwe "mwongozo mpya final final2". Mi naandika pampu-mwongozo-v1.3 na tarehe ikianza na mwaka, ili kwenye folda yajipange yenyewe, na namba hiyo hiyo naiweka kwenye jalada pamoja na modeli ya mashine, mteja akipiga simu nikimuuliza "una toleo gani" ananisomea. Faili kuu ni moja tu na anayelishika ni mtu mmoja, wengine wanaleta marekebisho. Kama unaandika pamoja na madevelopa wa programu, waombe wakufundishe kuandika kwa Markdown, yani maandishi ya kawaida yenye alama chache za kuonyesha vichwa na orodha, na kuhifadhi kwenye Git, chombo alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kodi za programu, yani yale maandishi wanayoandika madevelopa, ila kinafaa sana hata kwa maandishi, mana unaona mstari gani umebadilishwa, na nani, lini. Siku ya kwanza utaona pagumu, wiki ya pili unazoea.

Bosi na tarehe

Ukipewa siku mbili usibishe kwa hasira, hesabu kurudi nyuma mbele yake: kuprinti siku moja, kujaribu na mtu siku moja, fundi kupitia siku mbili, kuandika siku kadhaa, alafu muulize tuondoe ipi. Akisema maelekezo ni nyongeza tu, mwambie kuna kiwango cha kimataifa, IEC/IEEE 82079-1 toleo la 2019, kinachohesabu maelezo ya matumizi kuwa sehemu ya bidhaa yenyewe. Kwangu kumtajia namba ya kiwango kumesaidia kuliko kulalamika.

Siku ya kujaribu usiiache iondolewe. Mtu mmoja ambaye hajawahi kuishika hiyo mashine, wewe kimya, hata akikuangalia usimsaidie, andika tu alipokwama. Ukifungua mdomo umeharibu jaribio, mana mkulima wa kahawa kule Kibosho atakayeutumia mwongozo hatakuwa na wewe pembeni.

Na huyo wa Kibosho mfikirie mpaka mwisho. Mashine ya kumenya kahawa inakaa kwenye kibanda chenye maji na maganda, kitabu cha kurasa 40 kitakaa ndani kabatini na ni sawa, ila hatua za kila siku zitoe peke yake kwenye karatasi moja ya A4, herufi kubwa, ulamineti, utoboe tundu juu itundikwe kwenye msumari. Namba ya fundi weka chini ya kila ukurasa wa kitabu na kwenye hiyo karatasi pia, usiiweke kwenye jalada la nyuma peke yake, mana jalada la nyuma ndo linatangulia kuchanika.