Kupanga njia ya lori la petroli kutoka Dar hadi Tunduma

Kutoka depo za Kigamboni hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na wengi hupima njia kwa lita za dizeli tu. Anza na swali jingine: lori likipinduka hapa, watu wangapi watafika kabla ya zimamoto? Msamvu, mjini Morogoro, Agosti 10, 2019, walikufa watu zaidi ya 100, wengi wao wakiwa wamekuja kuchota petroli iliyomwagika.

Gawa safari vipande vifupi kwenye daftari. Kila kipande kiandikie urefu, miteremko, mito, stendi, siku ya gulio, na mahali pa kuegesha mbali na nyumba. Panga saa ya kuondoka ili mijini upite bila kusimama; dereva ale kabla ya mji au baada yake.

Njia mbadala ni Morogoro–Dodoma–Mtera–Iringa, inayokwepa mlima Kitonga na Hifadhi ya Mikumi. Kwenye ramani inavutia. Lakini inaongeza takriban kilomita 200: lori linalokula lita 50 kwa kilomita 100 litaunguza lita 100 zaidi, Msamvu litapita vilevile, na mbele zinalisubiri kona za Nyang'oro. Itumie Kitonga ikifungwa tu. Waulize TANROADS, wakala wa barabara, kabla ya kupakia.

Kitonga wakati wa kwenda ni kupanda, hivyo shida yake ni foleni na injini kuchemka. Mteremko wa kuogopa ukiwa na mzigo ni wa Iwambi kushuka Mbalizi, nje ya Mbeya. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto na kuacha kushika. Simama juu, kagua breki na upepo wake, kisha ingia gia nzito (namba ndogo) kabla ya kuanza kushuka. Ukishachanganya mwendo, kurudisha gia ni vigumu na lori linaweza kubaki huru.

Mpangilio wa kushusha nao ni sehemu ya njia. Ukishusha nusu ya tangi Iringa, mafuta yaliyobaki yatayumba kwenye kona na kulivuta lori upande. Kanuni za Ulaya za kusafirisha bidhaa hatari, ADR, zinataka chemba (chumba cha ndani ya tangi) inayozidi lita 7,500 isiyo na vizuizi vya ndani ijazwe angalau asilimia 80, au isizidi 20. Kwa hiyo maliza chemba nzima kwa mteja mmoja.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa mtaroni hadi kwenye jiko la mama ntilie aliye mbali. Usiegeshe upande wa juu wa vibanda. Wakati wa kurudi ni hivyohivyo: tangi tupu lisilosafishwa limejaa mvuke, na cheche ndogo inatosha kulilipua. Na safari hii Kitonga unaishuka.

Juu ya kila ukurasa andika 114, namba ya zimamoto. Petroli ikimwagika, ondoa watu umbali wa mita 50 kila upande. Tangi likishika moto, mita 800.