Kadi ya ulemavu kwa mwenye usonji, Mombasa: anza na daftari

Mdogo wangu ana miaka 23, na ana usonji (autism). Anasoma, anaandika, hesabu anazifanya kwa kichwa. Ugumu wake uko kwa watu. Mara ya kwanza tulipomwombea kadi ya ulemavu tulirudi mikono mitupu. Ya pili tukafaulu. Mwezi uliopita nimemsindikiza jirani yetu wa Kisauni na bintiye, ndipo nikaona niandike.

Hatua ya 1: Makaratasi

Kitambulisho (cheti cha kuzaliwa kwa mtoto), picha za pasipoti, ripoti ya daktari aliyegundua usonji. Toa nakala.

Hatua ya 2: Daftari la wiki nne

Hapa ndipo tulipokwama. Siku mbili kabla ya tathmini, yaani daktari kumpima ulemavu wake hospitalini, mama alikaa naye akimfundisha: ukiingia toa salamu, mtazame daktari usoni, jibu kwa sauti. Akavaa kanzu iliyopigwa pasi, akajibu yote. Mama hakutaka mwanawe adharauliwe, nami namwelewa. Lakini daktari ana dakika chache na huandika alichokiona, na alichokiona ni kijana mwenye adabu. Ugumu wa kuishi na watu hauonekani kama mguu uliokatwa.

Nunua daftari la karatasi. Simu siipendi kwa kazi hii: chaji huisha, na hakuna daktari atakayekaa kupekua meseji zako. Kila siku andika tarehe, lililotokea, nani aliingilia kati, na muda uliopita mpaka akatulia. "Ana shida ya kuchangamana na watu" haimwambii daktari kitu. Sisi tuliandika hivi:

*Alitumwa mahamri saa moja asubuhi. Kibanda kimefungwa. Alisimama pale mpaka saa nne, nilipomfuata.*

*Kijana wa mtaani alimwambia, "Nipe pini yako ya M-Pesa nikuwekee pesa." Akampa.*

Usitie chumvi. Siku nzuri nazo ziandike, pamoja na gharama yake: harusini aliwasalimu wageni wote, kisha akajifungia chumbani siku mbili, hali ila uji. Na kila unapotaka kuandika "anaweza", jiulize: anaweza bila kukumbushwa? Kila siku? Kupanda matatu anaweza; makanga akiwashusha njiani na kuwaambia wapande nyingine, je?

Ongeza barua ya mtu wa nje ya nyumba: mwalimu, ustadhi wa madrasa, au aliyewahi kumpa kazi.

Hatua ya 3: Siku ya tathmini

Hufanywa kwenye hospitali za serikali zilizoidhinishwa. Kwetu Mombasa, Coast General ni mojawapo. Uliza mapema siku wanayofanya tathmini, usije ukampitisha kwenye zile kelele bure.

Avae avaavyo nyumbani. Akinyamaza, usimjibie. Akiziba masikio, mwache azibe. Daftari lisomwe pembeni, wewe na daktari tu. Hili silegezi: mdogo wangu anaelewa kila neno, na kusomewa aibu zako mbele ya mgeni kunaumiza.

Mwombe daktari aandike msaada anaouhitaji, si jina la hali peke yake. Kabla hujatoka, linganisha jina na kitambulisho herufi kwa herufi. Mohamed, Mohammed na Muhammad kwenye mfumo ni watu watatu.

Hatua ya 4: Usajili

Ni kwa Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Nenda saiba yenye skana nzuri. Picha ya fomu iliyopigwa kwa simu haisomeki.

Hatua ya 5: Kadi si pesa

Kila msaada una ombi lake. Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa pesa wasiojiweza, hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi, kwa wenye ulemavu mkali wanaohitaji uangalizi wakati wote na wanaotoka kaya maskini. Anza kwa chifu na ofisi ya ustawi wa jamii. Mtu anayezungumza na kujihudumia huenda asiingie, na ni heri ujue kabla ya kumtumainisha.

Mwenye ajira aombe KRA, mamlaka ya kodi, cheti cha msamaha wa kodi, unaohusu shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya mwezi. Mwajiri ataendelea kukata mpaka apate cheti hicho, hata kadi akiiona. Cheti kina mwisho wake: iandike tarehe nyuma ya lile daftari, na usiache kulijaza, maana siku ya kuomba upya huenda ukaulizwa tena anaishije.